Kiwanja Kando ya Kanisa la Zombe

Parokia ya Zombe, Kitui
16 Februari 1975

Dada yangu Kaluki,

Nakusalimu wewe na shemeji Kiilu na hao wadogo wawili. Mimi ni mzima, jua tu ndilo linalotusumbua. Mvua ya Desemba iliishia njiani, mahindi yakakauka yakiwa urefu wa goti. Wewe unayeamkia ukungu na kabichi huko Nunguni huwezi kujua jinsi macho ya mtu wa huku yanavyotafuta wingu.

Binti yenu Ndinda alifika salama. Alishuka kwenye basi na sanduku kichwani na kuku wenu wa salamu mkononi. Kuku tulimpokea kwa heshima zote na siku ya pili tukamla. Sista mkuu amempa mtoto kitanda bwenini, na kila Jumamosi anakuja misheni kuniona. Mwambie shemeji kwamba hakuna anayemlazimisha kuja misa. Nilimweleza Sista kuwa baba yake ni mzee wa kanisa lenu, na kwamba kumsomesha mtoto wa mtu si kumbomolea nyumba.

Sasa lile jambo. Unakumbuka nilikuandikia nilipoletwa hapa kwamba nimeanza kufyeka kiwanja kando ya kanisa. Watu walicheka, wakauliza ni padre gani huyu anayekata miiba badala ya kuungamisha. Siku hizi kila Jumapili baada ya misa vijana wanacheza kandanda, na wasichana mpira wa pete. Juzi nilihubiri kwamba Mungu hakuumba roho ikatangatanga hewani, aliifinyangia mwili kwanza, na anayeudharau mwili anamdharau mfinyanzi. Mzee Kivuva, mwenyekiti wa baraza la parokia, alitoka nje kabla ya sadaka. Nikamfuata baadaye.

"Padre," akaniambia, "mimi nilibatizwa na mzungu mwenye ndevu mpaka kifuani. Hakuwahi kupiga mpira teke."

"Labda alikuwa amezeeka," nikasema.

Hakucheka.

Dada, Ndinda anakimbia. Mwalimu Kasyoka, mama anayefundisha michezo shuleni, amekuja kwangu mara mbili kusema hivyo. Julai kutakuwa na mashindano ya shule Kitui mjini, na Mwalimu anataka kumpeleka. Itabidi avae bukta kama wengine. Sitaki kufanya jambo hili bila neno lenu. Nijibuni mapema.

Ndugu yako,
Padre Anselmi Mutunga


Nunguni
20 Aprili 1975

Kwa ndugu yangu Padre,

Tunakusalimu katika jina la Bwana. Utusamehe kuchelewa. Ng'ombe alizaa, dume tena. Kiilu alikuwa na kikohozi cha baridi, sasa ameanza kwenda shamba. Wadogo wako shuleni. Viazi si vibaya.

Barua yako Kiilu ameisoma mara mbili. Anashukuru kwa ulivyosema juu ya misa. Kuhusu lile jambo lingine, anasema mwili ni majani, leo ni mabichi kesho yamekauka, na mtoto alitumwa kusoma. Nguo uliyoitaja sisi hapa hatuijui. Ndinda alikuja na sketi mbili za shule, nami nilizishona zikiwa na upindo mkubwa ili zimtoshe akirefuka.

Mzee Mbuvi wa kanisa letu alipita hapa na mke wake. Walikaa sana. Waliuliza Ndinda ana miaka mingapi na anarudi likizo lini.

Umesema mwalimu anasema mtoto anakimbia. Hukusema anakimbia vipi.

Kiilu ameisoma barua hii na anaongeza salamu zake.

Dada yako,
Kaluki


Parokia ya Zombe
15 Juni 1975

Dada Kaluki na shemeji Kiilu,

Nawasalimu. Natumaini kikohozi kimekwisha na ndama anakua.

Huku hali ni ya ukame. Serikali imeleta unga wa njano na tunaugawa hapa misheni siku za Jumanne. Watu hawaupendi, wanasema ni chakula cha kuku, lakini wanapanga foleni. Mbuzi wengi wamekufa. Wafanyabiashara wanakuja mpaka kutoka kwenu kununua waliobaki.

Ndinda ni mzima na anasoma. Lile jambo la kukimbia tumeliweka kando, kwa hiyo hamna haja ya kulijibu tena.

Mniombee.

Padre Anselmi


Nunguni, dukani kwa Thuo
19 Julai 1975

Mutunga,

Nyumbani ni wazima wote. Ndama anakua. Hizo ndizo salamu.

Unamjua Thuo, yule Mkikuyu mwenye duka la mbegu hapa karibu na stendi. Ndiye mmoja wa hao wanunuzi wa mbuzi uliowaandika. Alirudi kutoka Zombe wiki jana, akaniuliza, "Mama Ndinda, yule padre wenu anaendeleaje baada ya kile kisa?" Nikamwambia kisa gani. Akanivutia kigoda. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni kibaya.

Kijana alikufa kiwanjani kwako mwezi wa tano. Mwezi wa sita uliniandikia habari za unga.

Barua hii naiandikia juu ya gunia la mbegu za maharagwe. Kiilu hajaisoma wala hataisoma. Zile nyingine zote huzisoma kabla sijafunga bahasha. Si mtu mbaya, unamjua. Ni mtu anayeamini kwamba mke na mume wana bahasha moja. Basi ndiyo maana swali lako la Februari sikulijibu. Sasa nalijibu.

Ulidhani nilimleta mtoto Zombe kwa sababu huku hakuna shule? Hapa kuna shule ya wasichana, kengele yake naisikia nikiwa shambani. Nilimleta Zombe kwa sababu uliniandikia kwamba umefyeka kiwanja. Nilikuwa nikimtuma huyu mtoto mafuta ya taa hapa dukani, na unakijua kile kilima, anarudi kabla sufuria ya chai haijachemka. Watu wakaanza kumtazama. Mzee Mbuvi akamwambia Kiilu kwamba binti anayekimbia barabarani ana kitu anachokikimbilia. Kisha huyo huyo Mbuvi akaanza kumtaka kwa ajili ya mwanawe. Krismasi wanataka kuleta mbuzi wa posa. Kiilu hajakubali, lakini hajakataa, na mtu asiyekataa unajua anakoelekea.

Wewe na mimi tukiwa wadogo kule Makindu, kutoka nyumba za reli mpaka kwenye tangi la maji, hukuwahi kunipita hata siku moja. Kisha Baba akaniambia niache. Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeanza kuota matiti, nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii na sikuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo ukiniandikia kwamba "tumeliweka kando", nataka kujua nani na nani. Mimi sikuweka kitu kando.

Nieleze kilichotokea. Andika kwa anwani ya Thuo.

Kaluki


Parokia ya Zombe
10 Agosti 1975

Dada Kaluki,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimeketi ghalani, mahali ambapo mpishi hawezi kunitafuta. Pokea salamu zangu, na umpe Thuo shukrani.

Ulivyosikia ni kweli. Ilikuwa Jumapili, tunacheza na vijana wa Mutito. Kijana mwenyewe anaitwa Kisilu. Fundi seremala. Meza hii ninayoandikia ni kazi yake, viti vya kanisani ni vyake, na magoli mawili ya kiwanja ni yake. Alikuwa beki. Mimi nilikuwa refa. Mpira ulikuwa upande wa pili kabisa na hakuna aliyekuwa karibu naye. Alisimama, akashika kiuno kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali, akaanguka. Nilipuliza filimbi nikidhani ni mguu.

Tulimpakia kwenye Landrova ya misheni, nikaendesha mwenyewe. Alikata roho kabla hatujaona taa za Kitui, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mwalimu Kasyoka. Daktari alisema moyo wake ulikuwa mkubwa kupita kiasi, pengine tangu utotoni, na kwamba angeweza kuanguka akipiga randa au akipanda ngazi. Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi. Hayashiki.

Mazishini Mzee Kivuva alisema neno moja tu, tena bila kupaza sauti: "Tulisema." Sokoni wanasema mpira wa padre umekula mtu. Baraza la parokia limemwandikia Baba Askofu likitaka nihamishwe. Wametaja ngoma ninazoruhusu katika misa, wasichana kusoma neno mbele ya watu, bukta, jinsi nilivyowaambia wanaume kwamba hata wao wana vichwa vya kubebea maji, na mwisho wakamtaja Kisilu. Baba Askofu amesema atanijibu.

Mama yake Kisilu ni mjane, anaitwa Nthenya. Hakunilaumu. Kaburini alinitazama kama anavyotazamwa mpita njia aliyesimama kuuliza barabara, kisha akageuka. Sijajua la kumwambia.

Siku ya pili baada ya mazishi niliwaita vijana wang'oe magoli. Wakakataa. Nikayang'oa mwenyewe pamoja na mpishi, nguzo tukazilaza nyuma ya ghala. Shuleni nikawaambia hakuna mbio tena. Nimeacha kuhubiri habari za mwili. Siku hizi nahubiri subira, dada, kwa muda mrefu sana, na wazee wanafurahi. Tangu nipewe upadre sijahubiri vibaya namna hii.

Umeuliza nani na nani. Ni mimi peke yangu. Ndinda hakuulizwa. Nilipomwambia, alisema, "Sawa, mjomba," akaenda akakaa na vitabu vyake, na tangu siku hiyo akija Jumamosi ananisalimu na kuondoka.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa mtamchukua, na kwamba mkimchukua sitakuwa na la kusema.

Habari ya Makindu ilikuwa mpya kwangu. Miaka yote nilidhani uliacha kwa kuwa umechoka kunishinda.

Mutunga


Nunguni, dukani kwa Thuo
14 Septemba 1975

Mutunga,

Salamu. Watoto ni wazima, Kiilu pia. Mbegu tumepata, tunangoja mvua.

Nilitaka kukuandikia maneno ya kukuinua moyo, nikaanza mara mbili nikaona naandika kama pasta wetu. Kwa hiyo nitasema ninachojua. Sijui kama una hatia. Wala daktari hajui, wala huyo Mzee Kivuva. Ninachojua ni kwamba umeandika barua ndefu, na ndani yake hakuna mahali uliposema umeingia kwa mama wa huyo kijana. Umemtaja kaburini tu. Baba alipokufa, ni nani aliyekaa na Mama wiki nzima akichambua mboga naye bila kusema kitu? Ni wewe. Ulikuwa bado hujawa padre.

Sasa sikiliza. Habari imefika kanisani kwetu, na haikufika kwa kupitia kwangu wala kwa Thuo. Mzee Mbuvi ndiye aliyemwambia Kiilu, mbele ya wazee wengine, kwamba binti yake amekaa mahali ambapo vijana wanaanguka wakafa kwa ajili ya michezo ya Wakatoliki. Kiilu hakulala vizuri. Ameniambia anakuja Zombe Ijumaa ya kwanza ya Oktoba kumchukua mtoto. Hana hasira, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwa maana hasira yake naijua inavyopita. Anaogopa.

Akimleta kabla ya Krismasi, mbuzi wa Mbuvi watakuja, na Ndinda hatarudi shule.

Sikuambii la kufanya. Wewe ni mjomba wake, na kwetu mjomba hapuuzwi hata akiwa Mkatoliki. Neno langu ni moja tu: usimhubirie Kiilu. Amehubiriwa ya kutosha.

Kaluki


Parokia ya Zombe
12 Oktoba 1975

Dada Kaluki,

Kwanza pole na kungoja. Najua shemeji alirudi peke yake, na najua hakukueleza mengi, kwa hiyo nakueleza mimi. Ndinda ni mzima na anakusalimu.

Shemeji alifika Ijumaa mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi, amevaa koti la Jumapili. Nilimpa chai akainywa amesimama.

"Nimekuja kumchukua mtoto," akasema.

"Ni wako," nikamjibu.

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ubishi, maana alikizungusha kikombe mkononi. Kisha akauliza, "Ni kweli mtu alikufa hapa?"

"Ni kweli."

"Wapi hasa?"

Nikampeleka. Kiwanja kimejaa mbigili sasa. Nikamwonyesha mahali, akavua kofia, akasimama.

"Mama yake yupo?"

"Yupo. Ni hapo ng'ambo ya kijito."

"Anakuambia nini?"

Dada, hapo ningeweza kusema lolote. Nikamwambia, "Sijamwendea tangu mazishi."

Alinitazama. "Wewe ni mchungaji wa namna gani?" akaniuliza, si kwa dharau, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kisha akavaa kofia. "Twende."

Tulimkuta Nthenya uani akichambua mahindi ya msaada. Alituletea viti, akaketi tena na ungo wake. Shemeji ndiye aliyeanza. Alimwambia kwamba ana binti anayesoma hapa, kwamba amekuja kumrudisha nyumbani kwa sababu ya yaliyompata mwanawe, na kwamba ameona si vizuri kupita bila kumpa pole.

"Asante," akasema Nthenya. "Ni yule mrefu? Yule na wenzake wamenichotea maji tangu nizike. Padre hakuja."

Nilijua kwamba wasichana wanatoka shuleni na mitungi. Nilidhani maji yalikuwa ya masista.

Kisha akanigeukia. "Padre, magoli yako wapi?"

"Niliyang'oa, mwaitu, mama yetu. Niliona kwamba ukipita pale..."

"Yalikuwa ya nani?"

Nikautazama ungo wake.

"Zile nguzo Kisilu alizikata mwenyewe," akasema. "Akazipigia randa hapa hapa ulipokaa, mimi nikifagia maranda yake. Kila nikienda kisimani nilikuwa naziona. Siku moja napita nikakuta mashimo." Aliendelea kuchambua mahindi, haraka haraka, akiyatupa mabovu pembeni. "Mwanangu nilimzika mara moja, na watu wote walikuwepo. Wewe ukamzika mara ya pili, na hukuniita."

Tulikaa pale mpaka jua likashuka. Nilivuta ungo mwingine nikachambua naye. Shemeji alimrekebishia mlango wa zizi. Hatukusali. Mimi ni padre na yeye ni mzee wa kanisa, na hakuna kati yetu aliyethubutu.

Jumamosi asubuhi nilichukua sururu na kwenda kiwanjani. Shemeji alitoka chumba cha wageni akasimama akinitazama nikihangaika na udongo mkavu.

"Hilo ni shimo la panya," akasema. "Nguzo italala kwa upepo wa kwanza." Akavua koti la Jumapili, akalitundika kwenye mwiba, akaninyang'anya sururu. Alichimba mashimo yote manne. Mimi nilibeba nguzo na vijana waliojitokeza.

Tulikuwa tunasimamisha goli la pili Mwalimu Kasyoka alipoleta wasichana. Alikuwa ameona magoli yakisimama, hakuhitaji kuambiwa. Ndinda alimwona baba yake akasimama pale pale. Alikuwa na sketi ya shule ameifunga kwa pini katikati ya miguu. Shemeji alimtazama mtoto, akaitazama sketi, kisha akageuka akaanza kushindilia udongo kwenye nguzo. Mwalimu akapiga makofi, wasichana wakaanza kukimbia, na Ndinda akaenda nao.

Uliniuliza Aprili anakimbia vipi. Hatumii mikono sana. Anaangalia mbele kama anayemfuata mtu anayemjua. Walipozunguka mara ya pili wenzake walikuwa wamebaki nyuma kiasi kwamba ungedhani amekuja peke yake. Shemeji hakugeuka. Lakini alishindilia udongo ule muda mrefu kuliko uliohitaji kushindiliwa.

Mchana nilimsindikiza stendi. Hakuwa na mtoto na sikumuuliza. Akiwa anapanda basi alisema, "Habari ya ndoa ni yangu na mama yake. Usije ukaihubiri." Nikasema sawa.

Jumapili nilihubiri kwa ufupi kama zamani. Niliwaambia waumini kwamba niling'oa kitu kisichokuwa changu, na kwamba nimekirudisha mahali pake, na jina la mwenyewe ni Kisilu. Nikakaa. Nthenya hakuwepo, yeye si mtu wa kanisa. Mzee Kivuva alibaki mpaka baraka ya mwisho.

Jibu la Baba Askofu limefika. Hanikemei. Anasema kazi niliyofanya Zombe anaiona, na malalamiko anayaona pia, na kwamba Januari nahamia Mutomo. Nilipoisoma nilitaka kuwasha Landrova niende kujitetea. Sikwenda. Padre anayekuja hapa, nasikia, si mtu wa michezo. Lakini Mwalimu Kasyoka amesema kiwanja hakimhitaji padre, kinahitaji kufyekwa tu. Aliposema hivyo niliumia kidogo, kisha nikafurahi.

Kuna masharti mapya tuliyopatana na vijana: muuguzi wa zahanati awasikilize vifua wachezaji wote, na hakuna kucheza jua likiwa kichwani. Ningefanya hivyo mapema ningekuwa na usingizi. Sijui kama yeye angekuwa hai.

Mutunga


Nunguni
21 Desemba 1975

Kwa Padre ndugu yangu,

Tunakusalimu sote. Hii naiandikia nyumbani. Kiilu yuko hapa anasuka kamba ya ndama, na wadogo wanapukuchua mahindi ya mbegu. Mvua ilinyesha Novemba, si nyingi, lakini maharagwe yamekubali. Nasikia na huko kwenu manyunyu yamefika.

Kiilu aliporudi kutoka Zombe alikuwa na malengelenge mikononi. Nilimuuliza, akasema amemsaidia shemeji kuchimba. Sikuuliza zaidi, nikampaka samli.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, Mzee Mbuvi alimsimamisha mlangoni, sisi wanawake tukisikia. Akamuuliza mbuzi waje lini.

"Mtoto anasoma," Kiilu akamwambia.

"Kusoma kutaisha lini?"

"Kukiisha utasikia."

Basi Mzee Mbuvi siku hizi anatusalimu kwa mbali. Na Kiilu hajaitwa tena kusoma neno kanisani. Anakaa benchi la tatu, kando ya dirisha. Ameniambia hapo kuna hewa nzuri. Najua linamuuma, na yeye anajua kwamba najua.

Ndinda yuko likizo. Amerefuka, ule upindo nimeufungua wote. Asubuhi anateka maji, naye amechagua kisima cha mbali ingawa cha karibu kina maji. Watu wanamwona. Kiilu anamwona pia, huwa anakama wakati huo.

Huko Mutomo unakokwenda, uliza kwanza ardhi ni ya nani kabla ya kukata miiba. Na wanaobaki Zombe usiwaandikie kila wiki kuwauliza wamefanya nini. Waache. Mpelekee Nthenya salamu zangu kabla hujaondoka. Mwambie mimi ni mama wa yule mrefu. Nitakuja kumwona mashindano ya Kitui yakifika, na Kiilu amesikia nikisema hivyo.

Nimemuuliza kama ana neno la kuongeza kabla sijafunga. Ameweka kamba chini. Anasema umwambie Mwalimu Kasyoka kwamba mtoto huyu asikimbizwe akiwa na njaa.

Nimemwomba arudie ili niandike sawasawa. Amerudia.

Dada yako,
Kaluki